Taa Inayojiwasha Giza Likiingia: Tuielewe Kabla ya Kuinunua

Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Siku ya kazi ikipotea hairudi, kwa hivyo tutaingia katika jambo lenyewe moja kwa moja.

Katika kutembelea vikundi, swali moja limekuwa likitufuata. Kuna taa zinazojiwasha zenyewe jioni na kujizima zenyewe asubuhi. Zinauzwa sokoni na madukani, na kuna vijana wanaozileta mpaka mlangoni wakiwa na mikoba mgongoni, wengine wakikubali kulipwa pole pole. Mama mmoja alituuliza: "Hii kitu inajuaje kwamba ni usiku?" Mweka hazina naye akauliza la kwake: "Tukitoa pesa za kikundi tuwanunulie wanachama, hatutajuta baadaye?" Maswali haya mawili ni ndugu. Ukilijibu la kwanza vizuri, la pili linakuwa jepesi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: taa hii haijui usiku, inajua giza tu. Anayejua usiku ni wewe. Ukiiweka mahali ambapo jicho lake linaona sawasawa, na ikiwa akiba yake ya umeme inafika asubuhi, itakutumikia vizuri. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, umenunua pambo la ukutani. Sasa tueleze pole pole.

Tunataka ifanye kazi gani?

Kwetu Kenya ikweta inapita katikati ya nchi, ndiyo maana usiku wetu hauna tofauti kubwa mwaka mzima. Jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni na kuchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikizidi au kupungua dakika chache kulingana na mwezi. Kwa hivyo kila siku tuna karibu saa 12 za giza.

Nyumba nyingi huwasha taa mpaka wakati wa kulala, kisha huzima. Ni vizuri kuzima, maanake koroboi haiachwi ikiwaka watu wamelala. Inatoa moshi, inakunywa mafuta, na ikipinduliwa na paka karibu na neti ya mbu, hayo mengine mnayajua. Lakini usiku haujaisha. Saa nane nyanya anaamka kwenda chooni. Saa tisa mtoto analia, mama anataka kumnyonyesha. Mwingine ana homa. Mwingine ni mjamzito na uchungu umeanza. Kila mmoja wao anaanza kwa kupapasa: kiberiti kiko wapi, tochi iko wapi, simu nimeiweka wapi.

Huo mwendo mfupi kati ya kitanda na taa ndio mahali watu wanapoumia. Mguu unagonga kigoda. Mzee anateleza mlangoni na nyonga inavunjika, na tunajua mzee aliyevunjika nyonga huwa taabu kwa nyumba nzima. Njiani kuelekea chooni kunaweza kuwa na nyoka, jiwe, au kamba ya mbuzi.

Basi kazi ya taa inayojiwasha ni hiyo tu: kuondoa kupapasa. Si taa ya kusomea, wala si ya kupikia. Ni mwanga mdogo unaokungoja kabla hujauhitaji. Tukikumbuka kazi yake, hatutadanganywa na muuzaji anayesifu kwamba ya kwake inang'aa kama mchana.

Jicho la taa linafanyaje kazi?

Tufikirie mfereji wa maji ya shamba. Maji yanatoka mtoni, yanafika mahali mfereji unapogawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ina lango la mbao. Njia ya pili inapita pale alipolala kijana mmoja ambaye kazi yake ni kufungua bomba kubwa. Lango likiwa wazi, maji yote yanateremka njia ya kwanza, na kijana anaendelea kukoroma. Lango likifungwa, maji yanakosa pa kwenda, yanageukia njia ya pili na kumlowesha. Anaamka mara moja na kufungua bomba kubwa.

Ndani ya taa mambo ni hayo hayo. Maji ni umeme. Lango ni jicho la taa. Yule kijana ni kifaa kidogo kiitwacho transista, ambacho kikipata umeme kidogo kinaruhusu umeme mwingi kupita. Bomba kubwa ni njia ya umeme unaowasha balbu. Mchana lango liko wazi, transista imelala, taa imezima. Giza likiingia lango linafungwa, transista inaamka, taa inawaka. Asubuhi mwanga unafungua lango tena.

Na mwanga unafunguaje lango? Hakuna mlango unaosogea humo ndani. Jicho limetengenezwa kwa madini ya aina yake. Gizani, chembe zinazobeba umeme, yaani elektroni, zimefungwa mahali pake kama mbuzi waliofungwa kwenye vigingi, kwa hivyo umeme haupiti kwa urahisi. Mwanga ukiliangukia jicho, unakata kamba, mbuzi wanatembea, na umeme unapita. Ugumu wa kitu kupitisha umeme hupimwa kwa omu. Jicho la aina inayotumika sana, kwenye mwanga mkali, linaweza kuwa na omu mia chache tu, na gizani likapanda hadi laki kadhaa, hata kupita milioni moja. Tofauti ni kubwa, ndiyo maana kifaa cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi hii bila kukosea.

Jambo hili si la jana. Mwaka wa 1873 Mwingereza mmoja, Willoughby Smith, alikuwa akipima nyaya za simu za maandishi zilizopitishwa chini ya bahari. Katika vipimo vyake alitumia vijiti vya madini ya seleniamu, akaona havitulii: mara vinapitisha umeme zaidi, mara kidogo. Alipochunguza aligundua kwamba kilichovibadilisha ni mwanga. Taa nyingi za barabarani zinazojiwasha mijini ni wajukuu wa ugunduzi huo.

Macho mengi ya bei ndogo yametengenezwa kwa kadmiamu, ambayo ni sumu. Nchi za Ulaya ziliweka sheria ya kuizuia katika vifaa vya umeme kuanzia 2006, na taa nyingi za siku hizi zina macho ya silikoni. Kwetu sisi la kukumbuka ni kwamba taa iliyovunjika si kitu cha kuchezewa na watoto.

Jambo jingine dogo lakini la maana: taa iliyotengenezwa vizuri haina haraka. Radi ikimulika, au gari likipita barabarani, inangoja kwanza ione kama mwanga huo ni wa kudumu. Pia kiasi cha mwanga kinachoizima ni kikubwa kuliko kile kinachoiwasha. Bila pengo hilo, jioni ile saa ya kutatizana kati ya mchana na usiku ingewaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama jicho lililoingia mchanga.

Uliza kwanza: jicho liko wapi?

Taa hizi ziko za aina nyingi, lakini kwetu mtakutana na nne. Ukitaka kuzielewa, usianze na rangi wala na umbo. Uliza jicho lake liko wapi.

Aina ya kwanza ni taa ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani, kwa nyumba zenye stima. Jicho lake liko kwenye uso wa taa yenyewe, doa dogo la kioo. Inaona mwanga wa chumba kile kile. Ukiichomeka kwenye chumba kisicho na dirisha, itawaka mchana kutwa, na si kosa lake, maanake kwake huo ni usiku. Ukitundika kanga ukutani ikafunika jicho, vile vile.

Aina ya pili ni balbu ya kawaida kwa kuitazama, lakini ina jicho ndani ya shingo yake au karibu na kioo. Inafaa kwa barazani au juu ya mlango. Swichi ya ukutani lazima iachwe ikiwa imewashwa siku zote. Mtoto akiizima, jicho halina umeme wa kuonea. Tena balbu hii haitaki kufungiwa ndani ya kifuniko cha kioo cha rangi ya maziwa. Ikiwaka, mwanga wake mwenyewe unarudishwa na kifuniko, jicho linadhani kumekucha, inazima. Ikizima ni giza, inawaka tena. Wengi wameitupa balbu nzima kabisa kwa sababu hii, wakidhani ni mbovu.

Aina ya tatu ni taa ya sola. Hapa kuna jambo la kupendeza: taa nyingi za sola hazina jicho la pekee. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Mchana paneli inasukuma umeme kuingia kwenye betri. Jioni nguvu hiyo inafifia, na kifaa kidogo ndani kinapoona paneli haisukumi tena, kinaiambia betri: sasa ni zamu yako. Kwa hivyo kama paneli iko juu ya mabati na taa iko ndani ya nyumba kwa waya, jicho liko juu ya mabati. Ukifunga mlango na madirisha saa sita mchana, chumba kiwe giza totoro, taa haitawaka, kwa kuwa jicho linaona jua. Wenye nyumba za madirisha madogo walijue hili.

Kutokana na hilo, taa ya sola ikiwekwa kwenye sanduku au kabati bila kuzimwa kwa swichi yake, inadhani ni usiku, na inawaka humo mpaka betri inakauka. Taa iliyokaa hivyo miezi mingi dukani inaweza kuwa na betri iliyokwisha kabla hujailipia. Ukisafiri au ukiihifadhi, zima kwa swichi.

Aina ya nne ina macho mawili. Moja linaona giza, na la pili linahisi joto la mwili unaotembea. La pili mtalijua kwa kifuniko chake cheupe kama ganda la yai. Usiku taa hii inazima kabisa au inawaka kwa mwanga hafifu, na mtu akikaribia inawaka kwa nguvu kwa muda mfupi. Inaokoa betri sana. Lakini mbwa ni mwili wenye joto, na mbuzi pia, kwa hivyo usiielekeze zizini.

Hesabu ya usiku mzima

Hapa ndipo pesa za kikundi zinapookolewa au kupotea. Tunaomba waweka hazina watoe kalamu.

Kwa wenye stima, tuchukue balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka barazani saa 12. Wati 60 mara saa 12 ni 720. Kwa siku 30 ni 21,600, yaani yuniti 21.6 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 7 kwa saa hizo hizo ni yuniti 2.5 kwa mwezi. Na ile taa ndogo ya kuchomeka ya nusu wati haifiki hata robo ya yuniti kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni karibu yuniti 2.2. Tazama risiti yako ya tokeni ujue yuniti moja unainunua kwa shilingi ngapi, kisha zidisha mwenyewe. Kumbe basi jicho peke yake haliokoi pesa nyingi. Jicho linaokoa zile saa za asubuhi ambazo taa ilisahauliwa. Akiba kubwa inatoka kwa balbu ndogo.

Kwa wenye sola, hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa betri ikiisha hakuna wa kumkopa. Tuseme muuzaji ameleta taa ya wati 1. Betri yake imeandikwa volti 3.2 na 1500 mAh. Chukua 1500 ugawe kwa 1000, unapata 1.5. Zidisha kwa 3.2, unapata 4.8. Hiyo ndiyo akiba: inaweza kuwasha wati 1 kwa saa 4.8. Taa imejiwasha saa kumi na mbili na nusu jioni. Itazima lini? Saa tano na robo usiku, hata kabla usiku haujafika katikati. Nyanya akiamka saa tisa, taa imelala zamani.

Sasa tuchukue taa yenye betri ile ile, lakini inayotumia wati 0.3. Gawa 4.8 kwa 0.3, unapata saa 16. Hata tukitoa ule umeme unaopotea njiani, na hata betri ikianza kuzeeka, kuna matumaini ya kufika alfajiri. Mnaona? Ile inayong'aa kidogo ndiyo inayofaa. Muuzaji anaonyesha mwanga wake saa nne mchana chini ya meza. Hawezi kukuonyesha saa tisa za usiku.

Tena betri lazima ijazwe. Paneli ya wati 2 ikipata jua kali kwa saa 4 inatoa 8. Ondoa theluthi moja hivi inayopotea kwa joto, vumbi na kuingia kwenye betri, inabaki 5 na kidogo. Hiyo inatosha betri yetu ya 4.8, lakini bila ziada. Siku ya mawingu haitatosha. Wenzetu wa Nyandarua, Limuru na Nyeri wanajua mwezi wa Julai ulivyo: jua linaweza kujificha siku kadhaa mfululizo. Kwao, paneli kubwa zaidi au taa ya aina ya nne si anasa. Wenzetu wa pwani jua wanalo, lakini chumvi ya bahari inakula nyaya na sehemu za chuma, kwa hivyo watafute taa iliyozibwa vizuri.

Mahali pa kuiweka

Katika boma moja tulikuta taa ya sola iliyolalamikiwa sana. Ilikuwa ikiwaka saa kumi jioni na kuzima kabla ya watu kula. Kila mtu alisema ni bandia. Paneli ilikuwa chini ya mwembe. Asubuhi ilipata jua kidogo, alasiri kivuli kikaifunika, jicho likaona giza, taa ikawaka mchana na akiba yake ndogo. Kijana alipanda akaihamisha upande wa pili wa paa. Hatukubadilisha kitu kingine.

Kwa hivyo fuateni haya.

Kwanza, paneli iwekwe mahali pasipo kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Msitazame kivuli cha saa moja tu, zungukeni mara tatu kwa siku.

Pili, ipanguswe vumbi kwa kitambaa chenye maji kila wiki, hasa wakati wa kiangazi na karibu na barabara ya mchanga.

Tatu, jicho lisitazame taa nyingine. Kama jirani au duka lina taa kali inayomulika paneli yako usiku, taa yako haitawaka au itawaka kwa unyonge.

Nne, jicho lisitazame mwanga wake lenyewe kupitia ukuta mweupe ulio karibu sana.

Tano, ndani ya nyumba taa iwekwe chini, kimo cha goti hivi, mahali miguu inapopita. Tunataka kuona sakafu, si dari. Chumba cha kulala kitumie mwanga wa rangi ya manjano au nyekundu hafifu. Mwanga mweupe mkali unafukuza usingizi, hasa wa watoto.

Sita, taa ya nje isiwekwe juu kabisa ya mlango, kwa kuwa wadudu watakusanyika pale na kuingia ndani. Isogezeni hatua chache kuelekea njia ya chooni.

Ijaribuni kabla pesa haijatoka

Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Basi tusinunue kwa masikio. Mkiwa sokoni fanyeni hivi mbele ya muuzaji. Iwasheni swichi, kisha mzibe jicho au paneli kabisa kwa kiganja au kitambaa kizito. Msikate tamaa upesi, ngojeni hadi dakika moja. Lazima iwake. Mwondoe kiganja, ngojeni tena. Lazima izime. Kama haizimi, jicho ni bovu au liko mahali pabaya. Ulizeni wati ngapi, betri ya volti ngapi na mAh ngapi. Ulizeni kama betri inafunguka na kubadilishwa, maanake betri itachoka miaka mingi kabla ya paneli. Tazameni alama ya ubora ya KEBS. Dai risiti yenye jina la duka na maandishi ya dhamana. Muuzaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuwajibu.

Kisha kikundi kisinunue ishirini. Kinunue mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mwanachama anayeishi penye mawingu au kivuli zaidi. Kwa siku kumi na nne waandike katika daftari: imewaka saa ngapi, imezima saa ngapi, siku ilikuwa ya jua au ya mawingu. Kila nyumba ina mtu anayeamka usiku, huyo ndiye mwandishi wetu. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano kabla ya kupiga kura.

Kuhusu kulipa pole pole, fanyeni hesabu mpaka mwisho. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 300, halafu shilingi 20 kila siku kwa siku 100. Jumla ni shilingi 2,300. Ulizeni bei ya taslimu ya taa hiyo hiyo. Kama tofauti ni kubwa, pengine ni heri hazina ya kikundi inunue kwa taslimu na wanachama wailipe hazina, ili faida ibaki kwenu. Kama pesa hazitoshi nyumba zote, tunapendekeza waanze wenye wazee, wenye watoto wachanga, na wenye mgonjwa ndani ya nyumba.

Hatari za kuepuka

Taa ya stima ya nje iwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na kishikio chake kiwe cha kustahimili mvua. Umeme wetu ni wa volti 240, nao haumjui mwenye haraka.

Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe, isitupwe motoni. Itoe nje ya nyumba. Betri zilizokufa zisitupwe chooni wala mtoni. Kusanyeni katika debe moja la kikundi mpaka mpate anayezipokea.

Taa nyingine ndogo za kubandika zinatumia betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri hiyo, inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili tu. Msingoje itoke yenyewe. Ni hospitali mara moja. Kwenye nyumba ya mtoto anayetambaa, chagueni taa ambayo kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu.

Neno la mwisho kwa viongozi

Pesa za kikundi zimetoka kwa mayai, maziwa, vibarua na vikapu vya mkonge. Kikundi kikizitumia kununua taa zinazokufa saa tano usiku, kinachopotea si shilingi peke yake. Mwanachama anayejikwaa gizani chini ya taa aliyoichangia hatachanga tena kwa moyo. Lakini taa hafifu iliyopimwa, ikawekwa pazuri na kupanguswa vumbi, ni msaada ambao nyanya ataushukuru kila usiku bila kuamsha mtu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika boma zetu, ni nani anayeamka usiku, na anapita njia gani? Ichoreni chini kwa kijiti.

2. Kwa kila nyumba, jicho la taa lingekaa wapi? Kuna mti, ukuta au taa ya jirani itakayolidanganya?

3. Taa aliyoileta muuzaji ni ya wati ngapi, na betri yake itafika saa ngapi? Kila mtu afanye hesabu, si mweka hazina peke yake.

4. Ni nani atakayeweka daftari la siku kumi na nne?

Mkutano ujao kila kikundi kije na daftari lake. Tutayasoma yote pamoja, na tutaona ni taa zipi zilizofika asubuhi.